Okestra ya Taa Mbovu

Watu wa Queenstown hununua taa za sola za bustani kila Krismasi, na ifikapo Pasaka huwa wameshazitupa. Si kwamba taa zenyewe zina kasoro kubwa. Ni kwamba upande ule wa kisiwa cha Tasmania, Australia, mvua hunyesha kama imeajiriwa, na taa inayongoja jua inaishia kusimama kwenye matope, kipofu, mpaka mwenye nyumba achoke kuitazama. Kwa hiyo ukienda dampo la mji wakati wowote utazikuta zimerundikwa kwenye kona yake, vijiti kwa vichwa, mamia kwa mamia.

Glenys Orford alizifuata kwa ajili ya vijiti. Alikuwa ameendesha basi la shule tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akastaafu, na sasa alfajiri zilimpiga chenga: anaamka, anavaa, anakumbuka kwamba hana pa kwenda. Akaamua kupanda maharagwe, na maharagwe yanataka kitu cha kupandia. Pale dampo akamkuta Darko Vukelić, ameinama ndani ya jokofu lililokufa kama mtu anayetafuta maziwa. Darko alikuwa fundi umeme wa mgodini, Mkroeshia aliyekuja ujanani kwa mkataba mfupi akasahau kuondoka. Watoto wake wote Glenys aliwabeba kwenye basi, na mmoja alimtapikia.

Darko akamuuliza vichwa vya zile taa atavifanyia nini. Glenys akasema hana haja navyo, achukue tu. Yule mzee akakigeuza kichwa kimoja mkononi, akakitazama kile kibao kidogo cha sola juu yake, akaanza kucheka peke yake. Akamwambia apitie bandani kwake baada ya chakula cha mchana, kuna kitu atamsikilizisha.

Glenys alidhani ni redio. Banda la Darko lilijulikana mji mzima kwa redio zake, na kwa jinsi usivyoweza kuingia mpaka usogeze kitu, na ukikisogeza, kingine kinaanguka. Lakini safari hii Darko alikuwa amekibandua kile kibao cha sola, akakilehemu nyaya mbili, akazichomeka kwenye mashine ya karaoke iliyotupwa na baa moja iliyofungwa. Akakiinua kuelekea taa ndefu ya darini. Spika ikanguruma, ngurumo nzito, mpaka misumari ikacheza ndani ya makopo.

“Unasikia? Hiyo ni taa,” Darko akasema. “Inatetemeka muda wote. Macho yako ndiyo mavivu.”

Akachukua rimoti ya televisheni, akaielekeza kwenye kibao na kubonyeza, na spika ikatoa mlio wa kelele fupi fupi, kama nyenje waliokunywa kahawa. Akawasha mshumaa: kimya. Akaupuliza kidogo ucheze: spika ikapepesuka kwa mashaka. Sasa ikawa zamu ya Glenys. Akachomoa kitana chake mfukoni, akaomba tochi, akakimulika kibao, kisha akakipitisha kitana katikati ya hivyo viwili kwa kasi. Spika ikatoa sauti ya zipu, zipu ya suruali ya jitu.

Kicheko kilichomtoka hakikuwa cha adabu. Kilianzia magotini. Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akafuta macho, akasema, “Tena.”

Alirudi nyumbani bila hata kijiti kimoja, na mwaka ule maharagwe yalitambaa chini.

Kuanzia hapo wakawa bandani kila siku. Glenys aligundua kwamba ukiweka tochi upande huu na kibao upande ule, halafu katikati ukazungusha kitu chenye matundu, mwanga unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, na ukikatika upesi vya kutosha spika inaimba. Matundu mengi, sauti nyembamba. Matundu machache, sauti nene. Wakang'oa feni ndogo kutoka kwenye kompyuta zilizotupwa na shule. Wakabandika juu yake sidi za zamani walizozitoboa matundu, duara ndani ya duara. Darko alitoboa, Glenys alipima kwa sikio, maana alikuwa na sikio kali kupita yeye. Miaka yote ile barabarani alijua gia ipi inalalamika kabla taa ya hatari haijawaka. Wakigombana, waligombana kuhusu noti.

“Hiyo imeshuka,” Glenys angesema.

“Imeshuka wapi? Iko sawasawa.”

“Darko, hiyo ikishuka zaidi itakuja na makaa ya mawe.”

Mwishowe wakawa na ubao mrefu kama meza ya kupigia pasi, feni zimejipanga juu yake, kila moja na tochi yake na kibao chake, na mbele ya kila kibao kifuniko cha kopo la tuna chenye bawaba. Ukibonyeza, kifuniko kinainuka, mwanga unapita, noti inatoka. Glenys akajifunza kukipiga kinanda hicho kwa vidole vyote, naye Darko akakaa pembeni na rimoti tatu akitia mapigo. Walipofanikiwa kwa mara ya kwanza kumaliza wimbo mzima, wimbo wa valsi ambao kila mtu wa mji ule amewahi kuucheza arusini, Darko alimkumbatia Glenys kwa nguvu hivi kwamba miwani ikaanguka na kusagwa na feni ya noti ya juu. Feni haikuharibika. Ikatoa tu sauti mpya, na sauti ile wakaipenda wakaiacha.

Una Orford alisikia habari zao kabla hajasikia muziki wao. Una alikuwa dada wa marehemu mume wa Glenys, mwanamke mrefu aliyeongoza kwaya ya kanisa, kamati ya sikukuu ya mji, na kwa kadiri alivyoweza, maisha ya Glenys. Akaja na mwavuli, akasimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi ya mwavuli, akasikiliza valsi yote bila kupepesa.

“Wifi,” akasema walipomaliza, “kama kuna paka humo ndani, mtoeni.”

Akaenda zake. Darko alitaka kumkimbilia amjibu, ila njia ilikuwa imezibwa na lile jokofu alilolileta kutoka dampo.

Basi mambo yangeishia hapo, wawili bandani na mvua juu ya bati, kama si barabara. Sikukuu ya mji ilikuwa imekodi bendi ya matarumbeta kutoka Burnie, bendi kamili yenye sare, na kwaya ya Una ndiyo ingeimba nayo. Jumatano ya wiki ile mlima ukaporomokea barabara. Hakuna aliyeumia, lakini basi la wapiga tarumbeta halingepita mpaka matingatinga yamalize. Una akapiga simu kila mahali. Mpiga kinanda wa kanisa alikuwa mbali, Queensland, kwa binti yake. Mwalimu wa muziki alikuwa amevunjika mkono. Ijumaa asubuhi, Glenys akafungua mlango wake akamkuta wifi yake barazani, mwavuli umekunjwa, uso umekunjwa.

“Sijabadili mawazo,” Una akasema. “Ila sina mtu mwingine.”

Glenys akamwambia hilo ndilo ombi zuri kuliko yote aliyowahi kupata katika ukoo ule, akamkaribisha chai. Walikubaliana juu ya ile valsi, maana kwaya iliijua. Una alitoa sharti moja tu, rimoti zisizidi mbili. Darko alipoletewa habari alienda moja kwa moja kuchukua shati lake la arusi.

Jumamosi kukapambazuka bila wingu.

Hakuna aliyeamini. Watu walitoka nje wakasimama vibarazani, viganja juu ya macho, kama wanaotafuta meli. Sikukuu ilipangwa ifanyike ukumbini, lakini Una alitazama mbingu, akatazama ukumbi wenye harufu ya unyevu, akaamuru kila kitu kihamishiwe uwanja wa mpira. Uwanja wa Queenstown hauna jani, ni changarawe tupu, nyasi zilishindwa zamani. Na asubuhi ile changarawe ilimeta mpaka machozi yakutoke. Miguu ambayo haijaonekana tangu mwaka uliopita ilitoka ndani ya kaptula, myeupe kama mishumaa. Soseji zikaanza kunusika. Mji mzima ulikuwepo, na mji mzima ulikuwa na furaha ya watoto walioambiwa leo hakuna shule.

Glenys na Darko walivuta waya mrefu kutoka vyumba vya kubadilishia nguo, wakapanga ubao wao katikati ya uwanja, wakawasha feni, wakawasha tochi. Kwaya ikapanga mistari. Una akasimama mbele, akainua mikono, akamwinamia Glenys kwa kichwa. Glenys akabonyeza noti ya kwanza.

Kimya.

Akabonyeza ya pili, na ya tatu. Akabonyeza zote kwa pamoja kwa mikono miwili. Feni zilizunguka, tochi ziliwaka kama inavyoonekana tochi inayowaka mchana, yaani haionekani, na spika haikutoa hata pumzi. Darko akapiga teke mashine ya karaoke, na karaoke ikapiga kelele ya kuumizwa, basi haikuwa yenyewe. Nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba labda wanangoja mvua. Watu wakacheka. Uso wa Glenys ukapata moto. Aliwahi kuharibikiwa na basi juu ya mlima na watoto wote ndani na hakuwahi kuona haya kama zile.

Wote wawili walielewa kwa wakati mmoja, wakatazamana. Tangu waanze, hawakuwahi kukipiga kile kinanda nje. Hawakuwahi hata kukiona chini ya jua. Jua lenyewe lilikuwa wapi? Vibao vilikuwa vimejaa mwanga hadi pomoni, mwanga wa moja kwa moja usiotetemeka, na tochi zao za bei ya chini zilikuwa kama mtu anayenong'ona pembeni ya maporomoko.

Darko akanyakua kitambaa cha meza ya keki. Wakakitandaza juu ya ubao wakaingia chini yake wote wawili, kama wapiga picha wa zamani, na kule gizani Glenys akapapasa noti moja ikatoka: kwaa, ya chura mmoja mnyonge. Uwanja ukashangilia. Kisha upepo ukakibeba kile kitambaa kikaenda zake kuelekea goli, na wawili wale wakabaki wamechutama mbele ya mji mzima, kimya kimerudi. Sasa hata Una alikuwa anauma midomo, na Glenys hakujua kama ni hasira au ni kitu kingine.

“Jaribu kukiziba,” Darko akasema. “Kibao kimoja. Kikonde, kisile mwanga mwingi.”

Glenys akachana kipande cha boksi la pai, akakata ufa mwembamba kwa kisu cha keki, akakifunga juu ya kibao kimoja alichokichomoa kwenye ubao. Akakishika mkononi, waya ukining'inia, akakielekeza juani. Bado kimya, mwanga umepungua, lakini hautikisiki. Akabaki ameshika tu, asijue cha kufanya baadaye, na hapo ndipo waendesha baiskeli kadhaa walipopita.

Walikuwa kundi kutoka Hobart, wanaelekea Strahan pwani, nguo zimewabana kama ngozi ya soseji, na walikuwa wamesimama kununua pai. Mmoja wao, mwanamke aliyekuja kujulikana kwamba anaitwa Saskia na ni daktari wa meno, alikuwa anaipitisha baiskeli yake kwenye changarawe kwa kuinyanyua nyuma, na gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka hewani. Likapita kati ya jua na mkono wa Glenys.

Spika ikaimba. Haikukwaruza wala kukoroma. Ilikuwa noti safi, ndefu, ikishuka taratibu kadiri gurudumu lilivyopungua mwendo, spoku baada ya spoku, mpaka ikawa mguno, mpaka ikawa tik, tik, tik, ikakoma.

Uwanja mzima ulisikia. Saskia akasimama kama aliyekamatwa.

“Rudi,” Glenys akasema.

“Nirudi wapi?”

“Ulikotoka. Halafu zungusha.”

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio hivi kwamba watu wa Queenstown hadi leo hawakubaliani nani alifanya nini kwanza. Saskia aliipindua baiskeli, tandiko chini, magurudumu juu, akashika pedeli kwa mkono akaizungusha. Kadiri alivyoongeza kasi noti ilipanda, na ilipofika juu kabisa alisema sauti ile anaijua, wagonjwa wake huikimbia. Wenzake nao wakapindua zao. Darko alikuwa anakimbia kutoka gurudumu hadi gurudumu na koleo mdomoni, anang'oa vibao kwenye ubao na kuvifunga kwenye fremu za baiskeli kwa utepe, na nyuma yake akina mama wa meza ya keki walikata nyufa kwenye maboksi ya pai kwa kasi ya kiwandani. Mchinjaji wa mji akakumbuka ana baiskeli nyumbani, akaenda kuileta. Polisi akaleta baiskeli ya ushahidi kutoka kituoni, akasema mwenyewe hajajitokeza na hana pingamizi.

Glenys alipanda juu ya kasha la soda. Alitazama magurudumu yale yote yanayometa yamepinduliwa juani, kila moja na mtu wake ameshika pedeli, na mbele ya kila kibao mtu mwingine ameshika sahani ya karatasi kuzuia mwanga. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya basi, ile iliyoweza kuwaketisha watoto wa darasa la saba wote bila kugeuka nyuma.

Aliwaambia kila mmoja ashike kasi yake na asiiache, hata bibi yake apite. Akawasikiliza mmoja mmoja: wewe ongeza, wewe punguza, daktari hapo hapo usisogee. Mwenye sahani, nikikuoneshea kidole inua, nikikunja, shusha. Akamtazama Una. Una alikuwa amesimama mbele ya kwaya yake, mikono chini, na lile alilokuwa analiuma midomoni likamtoroka: kilikuwa kicheko, kirefu, kama mlango wa kanisa unaofunguka.

Wakaanza valsi.

Haikuwa valsi ambayo mtu angeilipia kiingilio. Mchinjaji alichoka upesi na noti yake ilizama kila alipohema. Polisi aliongeza kasi kila alipoonekana na mkewe. Wimbo uliteleza juu, ukateleza chini, kama mlevi anayeshuka ngazi akiwa amebeba trei, na kila ulipokaribia kuanguka, sahani moja iliinuka ikaudaka. Kwaya ikaingia. Wakaimba wakiufukuza ule wimbo, wanaukuta, unawaponyoka; masoprano walipanda mpaka wakaishiwa na hewa wakabaki kucheka, na mabesi wakaendelea peke yao wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Watu wakaanza kucheza. Kwenye changarawe mtu hawezi kuteleza kwa madaha, kwa hiyo walicheza kwa kuburuta, vumbi likipanda, na vumbi lenyewe likipita kwenye mwanga likaipa kila noti mkwaruzo mtamu.

Mchinjaji alipokaribia kuzimia, Una alisogea, akamwondoa kwa bega, akakunja mikono ya blauzi, akashika pedeli. Alizungusha kwa nguvu za mwanamke aliyebeba kamati peke yake kwa miaka mingi. Noti ya mchinjaji ikapaa, ikapita ya Saskia, ikatoka nje ya wimbo kabisa.

“Wifi, umepitiliza,” Glenys akamwambia kutoka kwenye kasha.

“Najua,” Una akasema, na hakupunguza.

Waliipiga mara tatu, au nne, au hawakuwahi kuimaliza hata mara moja. Inategemea unamuuliza nani. Kisha wingu likatokea nyuma ya Mlima Owen. Glenys aliliona kabla ya wengine kwa kuwa alikuwa juu. Kivuli kilishuka mlimani, kikavuka mto, kikaingia uwanjani upande wa goli la kusini, kikaja kikitembea juu ya changarawe. Kilipofika baiskeli ya kwanza, noti yake ikazimika, mwenyewe bado anazungusha. Ikafuata ya pili. Watu wakaacha kucheza wakageuka kutazama, na magurudumu yakanyamaza moja baada ya jingine, polisi, waendesha baiskeli, daktari wa meno, mpaka ikabaki moja tu upande wa kaskazini kwenye ukanda wa jua uliokuwa unasinyaa, sauti kali, ya juu, isiyo kwenye wimbo wowote. Una alizungusha mpaka kivuli kikampanda mgongoni. Sauti ikakatika. Tone la kwanza likaanguka kwenye sahani ya karatasi.

Halafu mji mzima ukapiga makofi, ukijipigia wenyewe, na mvua ikaja kwa jumla, na kila mtu akakimbia na alichoweza kubeba, keki, baiskeli, wazee. Darko alikimbia na karaoke kifuani ndani ya shati lake la arusi. Glenys alibaki nyuma kidogo akikusanya vibao, amelowa chapachapa, anacheka peke yake, na hakuwa na haraka hata kidogo.

Barabara ilifunguliwa wiki iliyofuata, na bendi ya matarumbeta ikatuma ujumbe kwamba iko tayari kuja tarehe nyingine. Kamati ilikaa. Una akawaandikia kuwashukuru, akasema kwa sasa mji una mipango. Hakumwambia Glenys. Glenys alizipata habari kwa mama wa posta, na alikuwa bado hajaamua afanye nini nazo pale aliposikia magurudumu yakilia nje ya banda la Darko, akachungulia.

Una alikuwa kwenye mvua bila mwavuli, anasukuma toroli. Juu ya toroli kulikuwa na pipa la chuma lililong'olewa ndani ya mashine ya kufulia, linang'aa, limejaa matundu pande zote, maelfu ya matundu.

“Niliwaza,” akasema, akihema. “Ukiweka taa ndani yake, halafu ulizungushe. Inawezekana au haiwezekani?”

Darko aliacha koleo. Alilizunguka lile pipa, akaingiza kidole kwenye tundu moja, kisha jingine, kama mtu anayechagua ng'ombe. Glenys alikuwa ameshaanza kulisukuma jokofu kando.

“Liingize,” akasema. “Angalia mguu, wifi, hapo kuna ngazi.”